Mgongo Mlangoni

Kutoka Kitale hadi Doha nilitumia siku nne, na tatu kati ya hizo nilizimaliza Nairobi nikiwa nimekalia sanduku langu. Wakala alituambia tufike Jumatatu. Ndege ilikuwa ya Alhamisi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimeshafanya kazi katika ghala la mahindi Kitale, bohari la vipuri Mombasa na lango la hoteli kule Juba, na kote huko niliondoka mwenyewe kabla ya kufukuzwa, kwa sababu miguu yangu haijui kukaa. Nilipomuaga mama, aliniambia kwamba mimi huzipenda nyumba nikishazihama. Alisema kweli. Hata sasa ninapoandika haya, ninaikumbuka kampi yetu ya wafanyakazi kule Industrial Area ya Doha kwa upendo ambao sikuwa nao hata siku moja nikiwa nalala humo.

Ndani ya sanduku nilitia mashati meupe mawili, viatu vyeusi, kilo mbili za unga wa wimbi, na cheti changu cha kidato cha nne kilichosema kwamba niliwahi kuwa katibu wa chama cha midahalo. Wakala alikiona kile cheti, akacheka. Kule hakuna midahalo, alisema, kuna milango. Alikosea nusu.

Tulishinda Addis kwa muda wa saa saba tukisubiri ndege ya pili, tukatua Doha asubuhi ya saa nne. Nilipotoka kwenye jengo la uwanja wa ndege nilidhani nimesimama nyuma ya lori lililowashwa injini. Niligeuka nione lori. Halikuwepo. Hiyo ilikuwa hewa ya kawaida.

Nyinyi walinzi mnaoanza kazi sasa mmenitumia ujumbe mkiniomba niandike jinsi ya kuishi vizuri na mlango. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili tu na vyote vilikuja na sare ileile. Nitawaeleza habari ya mlango mmoja wa hoteli moja pale West Bay, na jinsi ilivyonichukua muda mrefu kujua kwamba mlinzi anaweza kuua watu kwa kufanya hasa kile alichofundishwa.

Aliyenifundisha ni Okello, mtu wa Gulu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, aliyeitwa Afande na kila mtu ingawa hakuwahi kuwa askari. Siku ya kwanza hakunipa maneno mengi. Alinionyesha namna ya kusimama: uzito uhame kutoka mguu hadi mguu kila mara kabla goti halijalalamika. Alinionyesha kwamba kioo hakiegemewi, kwa kuwa alama ya bega lako ni kazi ya mtu mwingine. Redio ya mkononi ukabidhiwe na betri mbili, na ile ya pili uijaribu mbele ya anayekukabidhi, si baada ya yeye kupanda basi.

Kisha akanipeleka kwenye mlango wa dharura wa upande wa mashariki, ule wenye komeo refu la chuma la kulala, ambalo ukilisukuma mlango unafunguka kuelekea nje. Akanifundisha kulisukuma kwa kiuno, kwa kuwa mikono ina kazi nyingine: wa kulia umeshika redio, wa kushoto unaonyesha njia. King'ora cha moto kikilia, unasukuma, unasimama pembeni, unanyoosha mkono kwenye maegesho, palipo na kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyika, chenye mishale minne inayokutana katikati, na unasema, "Toka, toka, toka." Alinifanya nirudie mara mia. Sitii chumvi, alihesabu kwa sauti.

"Mpaka lini, Afande?" nilimuuliza kwenye mara ya sitini.

"Mpaka kiuno kifanye bila kukuuliza."

Kikafanya. Kwa miaka mingi kilifanya, na mara mbili palipowaka moto wa kweli jikoni tulitoa watu wote nje kabla chai yao haijapoa. Niliamini kazi yangu imekamilika. Ndiyo hali ya hatari zaidi anayoweza kufikia mlinzi.

Sasa niwaeleze habari ya basi, maana wengi wenu mmelikuta limeshanyamaza na kila mtu anatazama simu yake. Enzi zetu basi la kampuni lilitoka Industrial Area alfajiri, likapitia Al Mansoura kuwachukua walinzi wa kike, kisha likafuata foleni mpaka West Bay. Ilikuwa zaidi ya saa nzima. Mimi ndiye niliyeanzisha mdahalo humo, na kile cheti hatimaye kikapata kazi. Sheria ilikuwa moja: aliyeketi kushoto anaunga mkono hoja, aliyeketi kulia anapinga, na kiti unachopata ndicho msimamo wako siku hiyo. Hakuna kubadilishana. Dereva wetu, mtu wa Kerala kule India asiyejua Kiswahili, alipiga honi kila tulipofika ufukweni minara ikaonekana, na hapo tulipiga kura kwa mikono. Tuliamua mambo mazito sana kwenye basi lile. Tuliamua kwamba ugali wa Kenya ni mgumu kuliko ule wa Uganda, wanaouita posho, na kwamba huo ni uhalifu.

Asubuhi moja Wanjiru alipanda pale Al Mansoura na chupa yake ya chai na hoja mpya. Wanjiru wa Nyeri alikuwa kwenye meza ya ukaguzi wa wanawake, na alikuwa na ulimi ambao wageni waliufurahia kwa sababu hawakuuelewa. Jana yake alikuwa ameona bango likitundikwa kwenye ukumbi wetu mkubwa kwa ajili ya mkutano wa wataalamu. Swali lao lilikuwa hili: je, nchi ndogo ijiunge na mpango wa rafiki yake mkubwa wa kuzuia makombora?

Tukakubaliana nchi zisitajwe majina. Sisi ni wageni, kila mmoja ana bataka, kitambulisho cha ukaazi, mfukoni na angependa iendelee kuwa mfukoni. Kwa hiyo ikawa Nchi Ndogo, Rafiki na Adui. Mimi binafsi niliamini kwamba ijiunge, tena haraka. Lakini nilikuwa nimechelewa kuamka, na kiti kilichobaki kilikuwa cha kulia.

Wanjiru aliunga mkono kwa nguvu. Nchi Ndogo haiwezi kununua rada zake yenyewe, alisema, na hata ikinunua itaona mpaka uani tu. Rafiki anaona mbali. Ukikaa jirani na mtu mwenye mbwa mkali, mwizi hupita mbali na kwako pia, na mbwa humlishi wewe. Upande wa kushoto ukapiga viti makofi.

Nilisimama, nikashika chuma cha juu. Nilisema mwizi aliyegombana na mwenye mbwa huanza kwa kurusha mawe, na mawe hayasomi namba ya nyumba. Nikauliza ufunguo wa ngao hiyo atakaa nao nani. Sisi hapa ni walinzi, tunajua tofauti ya mtu aliyepewa mlango na mtu aliyepewa ufunguo mkuu. Nikawakumbusha kengele yetu ya moto, iliyounganishwa na ya mnara wa jirani ili tusaidiane: mtu akiunguza mkate ghorofa ya thelathini kule, sisi huku tunawatoa wageni wakiwa na taulo. Basi zima likacheka, hata kushoto. Nilijiona nimeshinda.

Ndipo Okello, aliyekuwa ameketi kulia kama mimi, akainua kidole kutaka taarifa.

"Kitu kikipigwa juu hakipotei," alisema. "Kinashuka vipande. Ngao iwe ya Rafiki, iwe yetu, vipande vinashuka hapa. Sasa nauliza, waheshimiwa. Siku hiyo, sisi tunawapeleka watu wapi?"

"Nje, Afande," mtu wa nyuma akajibu. "Toka, toka, toka."

Walicheka. Honi ikalia. Wengi waliinua mikono kuunga mkono, tukashindwa. Mimi sikucheka wala sikuhesabu kura, kwa sababu nilikuwa nimekiona kile kibao cha kijani kichwani mwangu. Kilikuwa mahali pa wazi kabisa, ukuta wa vioo upande mmoja na mbingu juu. Siku hiyo ikifika, mimi na kiuno changu tungewasukuma wageni wote chini ya vipande.

Niliandika ukurasa mmoja. Ulisema kwamba kwa moto watu watoke, lakini kwa hatari ya angani waingie ndani, mbali na vioo, washuke kwenye korido ya jikoni iliyo chini ya ardhi isiyo na dirisha hata moja. Nikaupeleka kwa Bwana Thapa, mkuu wetu wa ulinzi, mwanajeshi mstaafu kutoka Nepal ambaye hata soksi zake zilipigwa pasi.

Aliusoma akiwa amesimama. Hakuupinga. Alisema tatizo si ukurasa, tatizo ni mlango. Amri mbili kwenye mlango mmoja huzaa mlinzi aliyechanganyikiwa, na huyo ni bora asiwepo. Tena uongozi wa hoteli haukutaka kusikia habari za makombora mahali ambapo wageni wanalipia kutazama bahari. Angeniruhusu kuonyesha mpango wangu mara mbili, bila wageni. Nikishindwa zote mbili, ukurasa unachanwa, na mimi nahamia lango la nyuma la malori, nisije nikawatia watu hofu kwa jambo nisiloliweza.

Kesho yake mchana aliwapanga wapishi na wafagiaji ukumbini wawe wageni. Mimi nilikuwa mlango wa mashariki. Bwana Thapa akapaza sauti, "Angani!"

Na mimi, mwandishi wa ukurasa ule, niligonga komeo kwa kiuno, nikasimama pembeni, nikanyoosha mkono wa kushoto na kusema, "Toka, toka, toka."

Wakatoka wote. Walitii vizuri sana. Bwana Thapa naye akatoka, akatembea nao mpaka kwenye kibao cha kijani, akasimama katikati yao juani, na hakukasirika, jambo lililoniuma zaidi.

"Simiyu," aliniuliza taratibu, "sasa sote tumekufa?"

"Ndiyo, sir," nilijibu.

Akanirudishia ukurasa wangu. Akasema nitakapojua jinsi ya kuufundisha mwili, nirudi.

Kwa wiki kadhaa tulijaribu kila kitu pale kampini, tukitumia mlango wa chumba cha kufulia. Tulijaribu neno jingine, tulijaribu filimbi, tulijaribu kitambaa chekundu kwenye komeo. Mtu akishtuliwa tu, kiuno kinaondoka. Okello alikuwa amekaa mbele yetu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitutazama kama mtu anayetazama mbuzi wake wakila shuka la jirani. Kisha akasimama.

"Kiuno kinafuata macho," alisema. "Mnautazama mlango, ndiyo maana mnaufungua. Acheni kuutazama."

Akanishika mabega akanigeuza. Hatua moja mbele ya komeo, mgongo mlangoni, uso kwa watu, mikono miwili imetanda kama ya mtu anayezuia kuku wasiingie jikoni. Ukisimama hivyo, komeo halipo. Kuna watu tu, na nyuma yao kuna ngazi za kushuka. Maneno nayo yakaja yenyewe: "Ndani, chini." Nilirudia mara mia. Okello alihesabu.

Zoezi la pili lilifanyika. Bwana Thapa alipaza sauti nikiwa nazungumza na mfagiaji, makusudi. Kiuno changu kilianza safari, lakini miguu ikawa imeshageuka, na mgongo ukakikatalia. Wapishi na wafagiaji walishuka kwenye korido ya jikoni, wakahesabiwa, wote. Bwana Thapa aliniomba ule ukurasa, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. Tangu siku hiyo tulikuwa na zoezi kila mwezi baada ya chakula cha mchana. Walinzi wa hoteli za jirani walituona kupitia vioo tukiwa tumeipa milango migongo, wakatuuliza kama tunajifunza ngoma.

Okello alirudi Gulu muda si mrefu baadaye. Nilipompeleka uwanja wa ndege aliniachia betri yake ya akiba ya redio, na hakusema neno la hekima hata moja. Alisema tu nisisahau kuijaribu.

Mwaka uliofuata wataalamu walirudi kwenye ukumbi uleule na swali lilelile. Hawakuwa wamelimaliza. Basi letu lilikuwa limelimaliza kwa saa moja na dakika kumi, tena kukiwa na foleni. Ilikuwa alasiri, ukumbi umejaa. Mimi nilikuwa mlango wa mashariki na Wanjiru mlango mkubwa wa vioo. Jukwaani alikuwepo bwana mrefu mwenye kitambulisho shingoni, akieleza kwamba nchi ndogo ikijiunga na ngao ya rafiki itakuwa salama.

Hapo simu zote zililia pamoja. Mlio ule mkali wa tahadhari ya serikali, mamia ya simu kwa wakati mmoja.

Watu walifanya mambo mawili ambayo nimeona watu wakiyafanya kila mara: walitazama simu, kisha wakatazama dirisha. Halafu wakaanza kwenda kwenye vioo, wengi wameinua simu juu tayari kupiga picha. Nilijikuta nimeshageuka. Komeo lilikuwa nyuma yangu, silioni, na mikono yangu ilikuwa imetanda. "Ndani, chini," nilisema, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu changu cha dukani. Mlango wa magharibi mwenzangu alikuwa amesimama vivyo hivyo. Milango minne, migongo minne. Wageni wakasita, kwa sababu mtu hutarajia mlinzi amfungulie, hatarajii kukuta mlinzi amekuwa ukuta.

Bwana mrefu wa jukwaani ndiye aliyekuwa mgumu. Alifika kwa Wanjiru, akamweleza kwamba yeye ni mtaalamu wa mambo haya haya, na kwamba makombora yakidunguliwa ni jambo la kuonwa kwa macho. Wanjiru hakushusha mikono.

"Bwana, ya jukwaani tumeyasikia yote," alimwambia. "Sasa ni ndani, chini."

Akashuka. Wote walishuka. Nilikuwa wa mwisho kwenye ngazi nilipousikia mshindo wa kwanza huko juu, kisha wa pili, kisha mingine ambayo sikuihesabu. Korido ya jikoni ilijaa suti na manukato katikati ya masufuria. Wapishi, ambao walikuwa wamezoea kuwa wageni wetu wa mazoezi, waliwapokea kama wenyeji na kuwapa chai kwenye vikombe vya wafanyakazi. Bwana Thapa alipita akihesabu, akalinganisha na orodha ya mapokezi, akarudia kuhesabu. Hakuna aliyepungua. Majeruhi alikuwa mmoja, bwana mrefu, aliyejigonga goti kwenye mashine ya kukandia unga.

Tuliporuhusiwa kupanda, kioo cha mlango wa mashariki kilikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini. Nje, kwenye maegesho, kibao cha kijani kilikuwa kimepindwa kama kijiko. Chini yake kilikuwepo kipande cha chuma kilichoungua, ukubwa wa sinia ya kuokea mikate. Mishale yote minne ilikuwa bado inakielekea.

Tulisimama ndani, tukitazama kupitia ufa. Bwana Thapa alitoa ukurasa wangu mfukoni mwa shati. Ulikuwa umechakaa kwenye mikunjo.

"Simiyu," alisema, "sasa sote tu hai?"

"Ndiyo, sir."

Jioni nilimpigia Okello simu Gulu. Nilimweleza yote, mpaka habari ya goti la mtaalamu. Akauliza kama kiuno kilijaribu. Nikamwambia kilijaribu kidogo. Alicheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini.

Asubuhi yake basi lilikuwa na kelele kuliko soko. Wanjiru alidai ushindi: ngao ya Rafiki ilifanya kazi hata kabla Nchi Ndogo haijajiunga, kombora halikufika. Mimi nilidai kwamba mlango nao ulifanya kazi, maana ngao ilikuwa imetuletea sinia ya mikate palepale tulipokuwa tukiwapeleka watu. Tulibishana mpaka ufukweni, kila mtu akijua kwamba mwenzake anasema kweli. Dereva alipopiga honi, mikono yote iliinuka, kushoto na kulia, na hakuna aliyekumbuka kuuliza tunapiga kura ya nini.

Mmeniuliza kwenye ujumbe wenu kama nchi ijiunge. Nitajibu bila kujali kiti nilichokalia. Ijiunge. Mdogo asiye na rafiki huonewa, na siku ile ningekuwa mpumbavu kutoishukuru ngao, yeyote aliyekuwa na ufunguo wake. Lakini kujiunga si kazi iliyokwisha. Kile kinachozuiliwa juu kina mahali pa kuangukia, na mahali hapo pana mtu kama wewe aliyesimama na redio. Nchi inayotia saini mkataba wa angani bila kumfundisha mtu wa mlangoni imenunua nusu ya mwavuli. Na kama mkubwa wenu hataki kusikia, mwandikieni ukurasa mmoja. Uwe mmoja. Wa pili hausomwi.

Niliondoka Doha mwaka huu nikiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao kwa watu wengine ni ujana na kwa magoti ya mlinzi ni uzee. Miguu nayo ilikuwa imeanza kuuliza habari za mahali pengine. Mama bado yupo Kitale, na nilitaka mara moja katika maisha yangu nikaipende nyumba nikiwa ndani yake.

Siku ya mwisho nilikabidhi redio na betri mbili, na mrithi wangu akaijaribu ya pili mbele yangu bila kuambiwa. Nilishika sanduku, lilelile, nikavuka ukumbi wa mapokezi kwenda mlango wa mashariki, nitoke pale nilipoanzia. Ulikuwa na kioo kipya. Mbele yake walisimama Wanjiru na zamu nzima ya mchana, bega kwa bega, mgongo mlangoni, mikono imetanda.

"Mzee Simiyu, amri ni ndani, chini," alisema Wanjiru. Hakuwa anacheka, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Niliwaambia nina ndege ya kuwahi. Hawakusogea. Nikajaribu upande wa kulia, mkono ukashuka. Upande wa kushoto, hivyohivyo. Wageni waliokuwa wakinywa kahawa waligeuka kutazama. Nilikuwa nimeijenga ile kazi vizuri kuliko nilivyojua: hapakuwa na upenyo hata wa sanduku.

Redio ya Wanjiru ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Bwana Thapa, ikitoka chumba cha kamera, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anasema Kiswahili, maneno matatu, yaleyale aliyokuwa akitusikia tukiyasema kila zoezi la moto.

Wanjiru akageuka, akaligonga komeo kwa kiuno. Wote wakasimama pembeni, mikono yao ya kushoto imenyooka kuelekea kwenye kibao kilichopinda, ambacho hoteli ilikataa kukibadilisha.

"Toka," walisema. "Toka. Toka."

Nikatoka.